Kuku Alipona, Mguu Ukapinda

Sanatu aliokota kiatu cha kushoto cha binti yake, akakiweka juu ya mkeka mbele ya mumewe, karibu kabisa na bakuli la mchuzi wa majani ya ayoyo, mahali ambapo mtu mwenye adabu zake haweki kiatu.

"Una wazimu?" Neindow akauliza, tonge la ugali wa tuo likiwa nusu ya njia.

"Kitazame."

"Nakula."

"Kitazame kama ungeletewa na mtu baki."

Neindow alikitazama ili apate kula kwa amani. Vilikuwa viatu vya sikukuu ya Damba, na sikukuu yenyewe ilikuwa juzijuzi tu. Kile cha kulia alichokiona mlangoni bado kiling'aa. Hiki cha kushoto kilikuwa kimelika soli upande mmoja, upande wa nje, hadi uzi wa ndani umetokeza. Alikigeuza. Akakigeuza tena. Tonge alilirudisha bakulini, na mtu anayemjua Neindow anajua kwamba hilo peke yake lilikuwa jambo la kutisha.

"Wunpini!" akaita. "Njoo hapa. Nenda mpaka pale ghalani, urudi. Usikimbie."

Mtoto alitoka kibandani kwa bibi yake, akatazama kiatu, akamtazama baba yake, akaenda. Alikuwa na miaka kumi na moja, mwembamba, shingo ndefu. Mma Azara, mama yake Neindow, aliyekuwa akisokota pamba kivulini, akapata nafasi yake ya utani.

"Mke mwenzangu, mbona unatembea kama bata aliyeshiba? Mume wetu akikuona hivyo atakuacha, abaki na mimi!"

Hakuna aliyecheka. Neindow alikuwa amechuchumaa nyuma ya mtoto, macho yake yako usawa wa visigino, na roho ikamruka. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelala. Kifundo kimesukumwa nje, unyayo umegeukia ndani, kana kwamba unamchungulia mwenzake. Watu walibeba wagonjwa wao kutoka vijiji vya mbali, wakaziacha hospitali mbili njiani, ili Neindow mwana wa waunga mifupa awashike miguu. Na mtoto wake mwenyewe alikuwa akizunguka mbele yake tangu mavuno, mguu unapinda, naye haoni! Alijisikia kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya wakwe.

"Unauma?" akauliza.

"Hapana, Baba."

"Tangu lini uko hivi?"

Wunpini akainamisha kichwa.

Mguu huo aliuumiza wakati wa harmattan iliyopita, upepo mkavu wa jangwani, siku zile za vumbi na midomo kupasuka. Wasichana walikuwa wakicheza ampe nyuma ya shule, wanaruka, wanapiga makofi, wanatupa mguu mbele, na Wunpini alikuwa bingwa wa mtaa mzima. Akatua kwenye shimo. Wenzake walisema walisikia kitu kinalia kama bua kavu. Neindow aliupapasa, ukiwa umevimba kama embe, akasema ni kifundo kimetetereka, pengine na ufa mdogo, akaufunga kama alivyofundishwa na baba yake, na baba yake kama alivyofundishwa na babu.

Na kwao mguu wa mtu haufungwi peke yake. Muunga mifupa huchukua kuku, akamvunja mguu mahali palepale mgonjwa alipovunjika, akamfunga banzi za mabua ya mtama, akampaka siagi ya shea ileile aliyompaka mgonjwa. Mgonjwa ndiye hupewa kuku huyo amlishe. Siku kuku akisimama akaanza kuparua ardhi, mgonjwa naye hufunguliwa. Usiwacheke. Kuku huyo amewazuia watu wengi sana wasiamke mapema kitandani. Wunpini alipewa mtetea wa kahawia. Kuku akasimama, banzi zikafunguliwa, mtoto akatembea, Mma Azara akapiga vigelegele, na jambo likaisha.

Sasa halikuwa limeisha.

Neindow alifanya anachokijua. Kila asubuhi alichemsha maji, akaukanda mguu, akaupaka siagi, kisha akaushika kisigino kwa mkono mmoja na vidole kwa mwingine, akauvuta kuunyoosha. Alivuta kwa nguvu, maana woga humtia mtu nguvu. Wunpini aliuma upindo wa kitambaa cha mama yake. Hakulia, na hilo lilimwudhi Neindow kuliko kama angelia, kwa sababu watoto wote hulia.

"Unamuumiza bure," Sanatu akasema siku moja. "Twende mjini Tamale, hospitali. Wapige picha."

"Wakapige picha kiganja changu. Hiki hapa kinaona mfupa tangu hujazaliwa."

"Kiganja hicho kilikuwa wapi mguu ulipokuwa unapinda?"

Angekuwa mtu mwingine angejibiwa. Neindow alitoka nje amejaa hasira, na kwa kuwa hakuwa na wa kumtolea, akamtafuta kuku. Alitaka kujua jambo moja tu: mguu wa kuku nao umepinda? Kama wa mtoto umepinda na wa kuku umenyooka, basi kuna mtu kamloga.

Mtetea wa kahawia alikuwa akiparua chini ya ghala na vifaranga vyake. Neindow alimdaka, akamlaza, akaupapasa mguu wa kushoto kutoka juu kwenda chini. Akasita, akarudia. Mfupa uliovunjika ukaunga huacha fundo. Hata ukiunga vizuri namna gani, hata baada ya miaka, fundo lipo, na vidole vya Neindow vingeliona gizani na juu ya nguo mbili. Mguu huu ulikuwa laini kama kijiti kilichomenywa. Akaupapasa wa kulia, asije akawa amesahau upande. Nao laini.

Kuku huyu hajawahi kuvunjika mguu maisha yake yote.

Neindow alipigwa na butwaa, akabaki amechuchumaa, kuku anapiga kelele mikononi. Halafu akaingia uani akiunguruma.

"Nani kanibadilishia kuku? Sanatu! Nani kaingia humu? Ni wale wa ng'ambo ya barabara, wanaotaka wagonjwa wangu! Nani?"

"Punguza sauti, majirani wanasikia," akasema Mma Azara.

"Wasikie! Nimefungua mguu wa mtoto wangu kwa kuku mzima! Kuku mzima, Mama! Lazima angetembea, angeshindwaje, hakuvunjwa!"

"Ni mimi."

Sauti ilitoka mlangoni kwa bibi. Wunpini alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, uso umemparama.

"Wewe umefanya nini?" Neindow akauliza, polepole sasa.

"Yule wa kweli alikufa, Baba. Mguu ulinuka. Nilimlisha, nikampa maji, nikampa na uji wangu. Asubuhi moja nikamkuta amekauka. Nikamzika nyuma ya choo. Nikamkamata ndugu yake, wanafanana, nikamfunga zile banzi."

"Kwa nini hukusema?"

Mtoto alimtazama kama anayeulizwa swali la kijinga.

"Kuku ndiye mimi. Yeye akifa, na mimi si nakufa?"

Sanatu alijishika kifua. Uzi wa Mma Azara ulikatika, naye hakuinama kuuokota. Tangu harmattan mtoto huyu alikuwa akilala na kuamka akingoja kufa, anachota maji, anakwenda shule, anataniwa kuwa bata, na hakumwambia mtu. Alipouona mguu unaanza kupinda alijua ndiyo kifo chenyewe kinaanzia chini.

Ningependa kusema kwamba Neindow alimkumbatia. Hakumkumbatia. Mshtuko ulimpitia, na nyuma yake kikaja kitu kibaya zaidi, faraja. Kumbe si mikono yangu! Kumbe ni kuku! Banzi zimefunguliwa mapema, basi, mfupa ulikuwa mbichi, ukapinda. Ufundi wa baba yake ulikuwa mzima. Uso ulimchangamka kabisa.

"Basi hii kazi rahisi," akasema. "Nitauvunja upya palepale, niunyooshe, niufunge. Safari hii kuku nitamlinda mwenyewe. Mama, lete maji ya moto."

Mma Azara hakunyanyuka. Sanatu ndiye aliyenyanyuka. Alitembea hadi mlangoni, akamsukuma mtoto nyuma yake, akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Anza na wangu," akasema.

"Toka hapo, mwanamke."

"Anza na wangu, nimekwambia. Ukishauvunja, utambae juu yangu umfikie. Kesho asubuhi naenda Tamale na mwanangu. Ukitaka utakuja, usipotaka utabaki na kuku wako."

"Mama, mwambie huyu."

Neindow alimgeukia mama yake, maana katika nyumba ile Mma Azara ndiye aliyekuwa mlinzi wa mambo ya kale. Mama alimtazama mjukuu wake.

"Niliposema anatembea kama bata nilikuwa natania," akasema. "Sasa sitanii. Mpelekeni. Na mimi naenda."

Neindow alikwenda pia. Alivaa joho lake la kufuma, la sherehe, kwa sababu hakuwa anakwenda kama baba wa mgonjwa. Alikuwa anakwenda kueleza. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia daktari kuhusu kuku aliyebadilishwa, ili asije mtu wa koti jeupe akaudharau ukoo wake bila kujua undani.

Daktari aliitwa Rahinatu, mwanamke wa hapohapo Dagbon, nchi yao. Alipomwona Mma Azara anaingia, aliacha kiti chake akachuchumaa kumwamkia hadi mwisho wa salamu zote, habari za nyumbani, za watu, za mvua, na Neindow akavunjika nguvu kidogo, maana alikuwa amejiandaa kukutana na mtu asiye na adabu. Picha ya eksirei ya miguu yote miwili ikapigwa. Daktari akaibandika kwenye taa, akaitazama. Kisha akaanza Neindow, akaeleza yote, na kuku, na banzi, na mtoto alivyofanya.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Baba, njoo uone," akasema. "Huu mguu wa kulia, ule mzima. Unauona huu mstari mweusi unaokatiza mfupa juu ya kifundo?"

"Huo ufa."

"Siyo ufa. Hilo ni gegedu. Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Mfupa wake unarefukia hapo, kwenye huo ukanda laini. Mtu mzima akipindua mguu, kano ndizo huteguka. Kwa mtoto kano ni imara kuliko gegedu, kwa hiyo linalopasuka ni gegedu. Kwa nje vyote vinafanana. Uvimbe uleule, kilio kilekile. Sasa tazama wa kushoto."

Neindow alitazama. Upande wa nje wa kifundo mstari mweusi ulikuwepo. Ulikuja, ukaja, na karibu na upande wa ndani ukakatika. Pale pote palikuwa peupe, mfupa mtupu.

"Hapa gegedu lilisagika siku aliyoanguka," daktari akasema. "Lilipokufa, mfupa ukaota ukapaziba, kama daraja. Upande wa nje unakua kila siku, wa ndani umefungwa. Mguu utafanya nini? Unapinda. Na utaendelea kupinda kadiri anavyokua."

"Kwa sababu tulimfungua mapema," Neindow akasema.

"Hapana."

"Kuku alikuwa mzima, ndiyo maana..."

"Baba. Mngemfunga mpaka leo, ungepinda humohumo ndani ya banzi."

Kijasho chembamba kilimtoka Neindow chini ya joho. Alitafuta pa kukaa, akakaa pembeni ya kitanda cha wagonjwa, akainuka tena kwa sababu aliona aibu kukaa hapo.

"Na nyinyi mngemponya?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya ubishi tena.

"Labda. Nisikudanganye, gegedu likishasagika hata sisi hutushinda. Lakini tungepiga picha, kipande kilichohama tungekirudisha mahali pake. Halafu tungekuwa tunamwita kila baada ya miezi kadhaa, hata akiwa anaruka ampe, tumtazame. Mtoto haponi siku anapotembea. Anapona siku anapomaliza kukua na mguu wake umenyooka."

Neindow aliwaza watoto aliowafungua kwa miaka yote ile. Wote walitembea. Alikuwa akipokea shukrani, anawapa mkono wazazi, wanaondoka, na hakuwahi kumtazama hata mmoja wao mwaka uliofuata. Nani angemtazama mtu aliyepona?

"Nilitaka kuuvunja upya," akasema ghafla. "Niunyooshe."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Ulishaanza?"

"Nimeukanda tu. Nimeuvuta."

"Kwa nguvu?"

Neindow alitazama mikono yake. Daktari akaugusa upande wa nje wa ile picha, pale mstari mweusi ulipokuwa bado upo.

"Hiki ndicho kilichobaki hai. Ungeuvunja hapa, ungekisaga na hiki. Mguu usingekua tena, ungebaki mfupi maisha yake yote. Aliyekuzuia mshukuru sana."

Sanatu alikuwa akitazama ukuta. Hakugeuka kupokea shukrani.

Wunpini ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa juu ya kitanda, miguu inaning'inia, mmoja umenyooka na mmoja umegeuka.

"Daktari, sasa nitakufa lini?"

Daktari Rahinatu alikuwa mtoto wa Dagbon, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alichuchumaa mbele ya mtoto vilevile alivyomchuchumalia bibi.

"Kuku amekufa kwa kidonda chake mwenyewe. Alivunjwa, kidonda kikaoza. Hakufa kwa ajili yako, na wewe hufi kwa ajili yake. Umesikia? Wewe una mguu unaopinda, basi."

"Basi tu?"

"Basi tu."

Mtoto ambaye hakulia alipovutwa mguu alifungua mdomo akalia kwa sauti iliyowafanya wauguzi wachungulie mlangoni. Mma Azara alimkumbatia, naye analia, huku akimwita mke mwenzangu, mke mwenzangu, kama wimbo.

Daktari alieleza kazi iliyobaki. Wangechana kidogo, wakachonga lile daraja la mfupa wakalitoa, kisha pale mahali wangejaza mafuta kidogo watakayoyatoa mwilini mwake Wunpini mwenyewe, ili mfupa usiote tena.

"Mafuta?" Mma Azara akafuta machozi. "Kumbe na nyinyi mnapaka mafuta!"

"Sisi tunapaka ndani, bibi."

Walicheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Neindow hakucheka. Daktari alisema kazi hiyo hufaa tu kwa mtoto ambaye bado ana miaka ya kukua. Akishamaliza kukua, daraja ukilitoa ukiliacha ni yaleyale. Wunpini alikuwa amebakiwa na michache, kwa hiyo hawakuwa na muda wa kupoteza kwenda nyumbani kushauriana na ukoo. Neindow akaulizwa kama anakubali. Mtu ambaye ukoo wake ulikuwa ukisema hospitali hukata miguu kwa sababu haijui kuiunga alisema ndiyo, na akashangaa jinsi neno lilivyotoka haraka.

Walipomwingiza mtoto chumba cha upasuaji, Neindow alisimama kwenye korido na joho lake la sherehe, watu wanampita wakidhani ni chifu wa mahali fulani aliyekuja kumwona mtu. Hakujua aiweke wapi mikono. Aliifumbata nyuma, akaifumbata mbele. Sanatu alikaa kwenye benchi, hakumtazama, ila alipopita mwuza maji alinunua mifuko miwili ya maji, akampa mmoja.

Daktari alitoka baada ya kitambo, kofia ya kijani bado kichwani.

"Daraja lilikuwa dogo kuliko nilivyoogopa," akasema. "Limetoka lote. Ana miaka ya kukua mbele yake, mguu una nafasi ya kujinyoosha. Usiponyooka tutaukata mfupa baadaye tuuelekeze. Mtamleta nimwone mpaka amalize kukua. Si mpaka atembee. Mpaka amalize kukua."

Sanatu alijifunika uso kwa kitambaa chake. Neindow alisema asante, akaisema tena, kisha akaambiwa anaweza kuingia.

Wunpini alikuwa amelala, uso ameugeuzia kwa mama yake, mguu umefungwa hogo la plasta mpaka karibu na goti, vidole tu vinaonekana. Dawa ya usingizi ilikuwa haijamtoka. Neindow alikwenda moja kwa moja upande wa miguu. Hakuwaza. Mikono yake ilifanya ilichozoea kufanya kwa kila mgonjwa aliyewahi kumfunga, ilishika vidole kuona kama vina joto, kama damu inapita.

Vilikuwa na joto. Damu inapita.

Mtoto hakufumbua macho. Hakuna aliyemwambia nani ameingia. Lakini vidole vya baba yake vilipomgusa tu, mguu mzito wote uliruka ukajivuta juu ya shuka, na Wunpini akasema usingizini, kwa haraka, kama anayebembeleza, "Baba, basi. Basi, nitatembea vizuri."

Sanatu alimtazama mumewe. Neindow alisogeza kiti mbali kidogo na kitanda, akaketi, na mikono yake akaikalia.